Barabara Isiyotakiwa Kulainishwa

Nguzo zilinishughulisha kabla ya theluji yenyewe. Tulikuwa tunapanda kutoka Sacramento, mji ulio karibu na usawa wa bahari, kuelekea Ziwa Tahoe katika milima ya Sierra Nevada, jimbo la California. Kila tulipokata kona niliziona zimechomekwa pembeni mwa lami, nyembamba, ndefu kuliko watu wawili waliobebana, na juu kabisa zina vibandiko vinavyong'aa. Nikamuuliza mpwa wangu kama kuna bomba la maji linapitishwa.

"Hapana, mjomba. Hizo zinamwonyesha dereva wa greda barabara iko wapi."

"Kwani yeye haioni?"

"Subiri kidogo," akasema.

Mpwa wangu ni nesi Sacramento. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, bibi wa mtoto alinyimwa viza, basi ukoo ukaona bora niende mimi, mstaafu nisiye na shughuli, nikamwone mjukuu kwa niaba ya wote. Nilifika mwishoni mwa majira ya baridi na kuondoka katikati ya kiangazi chao, na ndiyo maana nimeiona milima ile ikiwa imefunikwa na ikiwa wazi. Watu wengi wanaokwenda Tahoe huenda kuteleza kwenye theluji au kuoga ziwani. Mimi niliishia kutazama barabara. Mtu aliyezaliwa Usangi, kwenye vilima vya Upare, na akakua akishuka kwenye Land Rover kusukuma, hawezi kupita mlimani bila kuuliza nani anatengeneza njia na kwa fedha ya nani.

Njiani tulisimama Placerville, makao makuu ya kaunti ya El Dorado. Si mbali na hapo, Coloma, Januari 1848, ndipo ilipookotwa dhahabu iliyowaleta watu wa dunia nzima California. Mji bado una chakula cha enzi hizo: chaza wa baharini, mayai na nyama ya nguruwe iliyokaushwa, vyote vimekaangwa pamoja. Wanasimulia kwamba kilikuwa chakula cha mchimbaji aliyeokota leo na kutaka kila kilicho ghali mezani. Niliomba changu kisiwe na nguruwe, na mpishi akanitazama kama niliyeagiza pilau isiyo na mchele. Chaza kwa mayai, hata hivyo, si haba.

Juu ya Placerville mvua iligeuka theluji. Mabango ya taa ya barabarani yakatangaza kwamba magari yafungwe minyororo kwenye magurudumu, isipokuwa yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne na yenye tairi za theluji. Letu liliruhusiwa. Pembeni walijipanga vijana wenye makoti ya rangi kali na namba kifuani, wenye kibali cha mamlaka ya barabara ya jimbo, wakiwafungia minyororo wasiojua au wasiotaka kupiga magoti kwenye tope lile la barafu. Bei wanapanga wao. Nikaona baba mmoja mwenye gari la kifahari akibishana, kisha akitazama mikono yake isiyo na glavu, kisha akitoa pesa.

Kilele cha njia hiyo kinaitwa Echo Summit, mita 2,250 hivi. Barabara inateremkia ziwani ikiwa imeng'ang'ania ubavu wa mwamba, na juu yake theluji inaning'inia. Wahandisi hawangoji iporomoke yenyewe. Wameweka mitambo mlimani inayochanganya gesi na oksijeni na kulipua kwa amri ya mtu aliye mbali. Barabara hufungwa, mlima hutikiswa, theluji huangushwa ikiwa haina wa kumzika, magreda husafisha, kisha safari zinaendelea.

Huko ndiko nilikozielewa nguzo. Lami haikuwapo, kingo hazikuwapo, mtaro haukuwapo. Kulikuwa na weupe mmoja tu kutoka mwamba hadi korongo, na vijiti viwili vya mistari vikisema pita hapa katikati.

Tulifikia Tahoma, kijiji cha ufuo wa magharibi wa ziwa, katika nyumba ya mbao ya fundi umeme mstaafu aliyewahi kuuguzwa na mpwa wangu na kugeuka rafiki wa familia. Kwa barabara ya kawaida ni karibu. Lakini njia ya Emerald Bay ilikuwa imefungwa kwa hofu ya maporomoko ya theluji, jambo la kila mwaka, tukalazimika kulizunguka ziwa lote kwa upande wa Nevada. Mpaka wa kaunti mbili, El Dorado na Placer, unapita katikati ya kijiji hicho. Wenyeji wa pande zote mbili wana mazoea ya kulinganisha greda la nani limetangulia asubuhi. Watu wa El Dorado wa huko wana mkasa wa ziada: makao makuu ya kaunti yao yako nyuma ya milima, na majira ya baridi huwa mbali kuliko ramani inavyosema.

Greda lenyewe nililisikia kabla ya alfajiri. Kwanza mlio wa kurudi nyuma, kisha mkwaruzo wa chuma, kisha nyumba ikatetemeka kidogo. Siku ya pili yake nikalikuta limepaki nje ya duka la kahawa, na ndani dereva wake, mama wa makamo mwenye mikono mipana, anakula mkate uliojazwa mayai. Mwenyeji wangu akanijulisha kwake. Alifurahi kuulizwa kazi yake, maana kawaida anaulizwa kwa nini ameifanya vibaya.

Aliniambia theluji ikianguka usiku kazi inaanza saa tisa au kumi alfajiri, ili anayekwenda shule au hospitali akute njia. Kwanza barabara kuu za mitaa, halafu vichochoro, halafu vilima ambako gari la zimamoto likikwama hakuna wa kulisaidia. Greda linasukuma theluji pembeni. Pembeni pakijaa, inakuja mashine ya kurusha, yenye mapanga yanayozunguka, inaimeza na kuitema mbali juu ya miti. Na hapo ndipo ugomvi ulipo. Theluji iliyosukumwa inaacha tuta gumu mbele ya kila nyumba, kwenye njia ya kuingizia gari. Kaunti husafisha barabara. Tuta la mlangoni ni la mwenye nyumba. Mtu ameamka, amelisafisha kwa koleo kwa saa nzima, jasho limemtoka kwenye baridi, na greda linapita tena.

"Watu wananirushia theluji," alisema akicheka. "Mmoja aliwahi kunirushia koleo lenyewe."

Nilimuuliza nini kinamtisha zaidi. Nilitarajia ataje maporomoko. Akataja watoto. Watoto hupenda kuchimba mapango kwenye vilima vya theluji vya kando ya barabara, na mwenye mashine ya kurusha hawezi kuona kilichomo ndani. Pili, akataja magari yaliyoachwa barabarani. Sheria inakataza kuegesha barabarani wakati wa kusafisha theluji, lakini nyumba nyingi za Tahoe ni za watu wa mjini wanaokuja mwisho wa wiki, na mgeni hasomi vibao. Gari dogo jeupe, likifunikwa usiku mmoja, ni kilima tu kama vilima vingine.

Wote pale dukani walikuwa bado wanauzungumzia msimu wa 2022/23. Kituo cha utafiti wa theluji kilichoko Soda Springs, kaskazini kidogo ya ziwa, kilipima inchi 754, yaani mita 19 za theluji iliyoanguka msimu mmoja. Katika vipimo vya kituo hicho msimu huo haujapitwa ila na ule wa 1951/52, wenye inchi 812, msimu uliolikwamisha treni la abiria juu ya milima hiyo Januari 1952 kwa siku tatu, watu zaidi ya 200 wakiwa ndani. Mama yule wa greda alisema msimu wa 2022/23 hapakuwa na mahali pa kuisukumia tena. Barabara zikawa mifereji, ukuta huku na ukuta huku, na za nyumba ukaona mabomba ya moshi tu. Majirani walikuwa wakichimbua mabomba ya zimamoto kwa zamu, kila bomba lina kijiti chake cha kulionyesha, kwa sababu moto haungoji theluji iyeyuke.

Yapo mambo ya barabara ambayo hayaonekani mpaka uambiwe. Ili magari yasiteleze, magreda na malori hunyunyiza mchanga. Mchanga husagwa na magurudumu ukawa vumbi jembamba, theluji ikiyeyuka maji hulibeba, na maji yote ya bonde lile huishia ziwani. Tahoe ina kina cha mita 501 na maji mang'avu ya kutisha. Mwaka 1968, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipoanza kuteremsha sahani nyeupe majini na kuandika ilipopotea machoni, wastani ulikuwa takriban mita 31. Miaka ya karibuni ni karibu mita 20. Wataalamu walipotafuta vumbi hilo linatoka wapi, jibu halikuwa msituni: asilimia 72 ya chembe nyembamba zinazotia ukungu zinatoka sehemu zilizojengwa, barabarani na kwenye viwanja vya magari. Kwa hiyo mchanga siku hizi unachaguliwa kwa ugumu wake, na theluji ikipungua tu, magari ya kufagia yanatoka kuuzoa kabla mvua haijautangulia. Nimewaona Aprili wakifagia lami ambayo kwa macho yangu ilikuwa safi kuliko sakafu nyingi nilizolalia.

Nilikaa na hilo siku kadhaa. Kwetu ukisema barabara imetengenezwa, umemaliza: gari linapita, nauli inashuka, mgonjwa anafika. Ilikuwa ngeni kwangu kwamba mtu anaweza kuisafisha barabara usiku kucha, akashukuriwa na abiria, na bado akadaiwa na ziwa.

Theluji ilipoanza kuondoka, ikafichua barabara nyingine. Inaanzia hapo hapo Tahoma, katikati ya nyumba, lami kidogo, halafu changarawe, halafu inaingia msituni na hakuna greda linaloifuata. Nguzo za kumwongoza dereva hazimo. Ni mwisho wa mashariki wa njia iitwayo Rubicon Trail, maili 22, kilomita 35 hivi, inayokuja kutoka magharibi, upande wa Georgetown na bwawa la Loon Lake, ikipanda na kushuka juu ya mwamba wa matale. Wapenzi wa magari ya porini ulimwenguni wanaijua. Kampuni ya Jeep imelibandika jina hilo kwenye gari lake kali kuliko yote.

Jambo la kwanza alilonisisitizia mwenyeji wangu ni kwamba ile si njia ya michezo. Ni barabara. Kabla ya wote ilikuwa njia ya miguu ya Wawasho na Wanisenan, waliopanda ziwani kiangazi na kushuka baridi ikija. Baadaye wazungu wakagundua chemchemi za maji ya soda katikati ya milima. Mwanamke mmoja, Sierra Nevada Clark, aliyezoeleka kwa jina la Vade, akanunua chemchemi za Rubicon katika miaka ya 1880 na kujenga hoteli ya ghorofa yenye kinanda sebuleni, wageni wakiletwa kwa mkokoteni wa farasi. Mwaka 1887 madiwani wa kaunti ya El Dorado walikaa Placerville wakaitangaza kuwa barabara ya umma. Walitumia sheria ya Marekani ya 1866 iliyoruhusu njia kupita katika ardhi ya serikali. Sheria hiyo ilifutwa 1976, lakini njia zilizokwisha kupata haki zilibaki nayo. Hoteli imekufa, kinanda kimekufa, magari yamehamia barabara kuu, na azimio la madiwani wale bado linaishi kwenye majalada.

Mwaka 1953 watu wa Georgetown, mji uliokuwa umechoka tangu dhahabu iishe, wakakusanya magari 55 na watu 155 kuivuka njia hiyo kwa Jeep, mengi yakiwa magari yaliyobaki ya vita. Mark A. Smith alikuwa miongoni mwa waliozianzisha safari hizo, akazisimamia kwa miaka mingi. Tangu hapo kila kiangazi hufanyika.

Kabla ya kupelekwa kuivuka, nilipelekwa kuifanyia kazi. Ilikuwa Jumamosi, mwanzoni mwa kiangazi, bado kuna viraka vya theluji chini ya misonobari. Watu arobaini au zaidi: wastaafu, mafundi, baba na mabinti zake, kijana mwenye michoro mwilini hadi shingoni. Kila mmoja na koleo lake, glavu zake, chakula chake. Tulibeba mawe na kuyapanga kwenye kivuko cha kijito ili magurudumu yasichimbe ukingo. Tulichonga matuta ya kuchepusha maji, mapana na ya chini, yanayoyatoa barabarani kila baada ya hatua kadhaa kabla hayajapata nguvu ya kuchimba. Nilipewa koleo kwa wasiwasi, nadhani kwa sababu ya mvi, lakini mikono ilikumbuka. Usangi nimekua kwenye msaragambo: mbiu inalia jioni, kesho yake kila kaya inatoa mtu na jembe, na barabara iliyokatwa na masika inafunguliwa kabla ya adhuhuri. Nilimwambia hivyo jirani yangu wa mstari. Akataka kujua kama na kwetu tunaacha mawe makubwa.

Hapo ndipo tulipopishana. Sisi tunayatoa. Wao wanayalinda.

Kazi ya kuitunza Rubicon imekaa hivyo, na ilinichukua muda kuizoea. Jiwe la kuvunja akseli likae pale pale. Ngazi za mwamba zikae. Kinachopigwa vita ni maji yanayokimbia na udongo wake, mafuta yanayomwagika, kinyesi, na watu wanaokwepa. Kosa kubwa kwenye njia ile ni kulizunguka jiwe, kwa sababu anayezunguka leo ameonyesha wengine, mwakani pana njia mbili, miaka mitano baadaye pana uwanja usio na jani. Ukishindwa kupita, unarudi ulikotoka.

Haikuwa hivyo zamani, na watu hao hawafichi. Umaarufu ulipokua, mafuta ya difu zilizopasuka yalibaki yaking'aa juu ya mwamba, na kando ya Spider Lake kinyesi cha binadamu kilizidi mpaka eneo likafungwa mwaka 2004. Mwaka 2009 bodi ya jimbo inayolinda ubora wa maji ikaitolea kaunti na idara ya misitu ya taifa amri ya kusafisha na kurekebisha. Wengi waliona ndiyo mwisho, barabara itafungwa. Kumbe amri ile ile ndiyo iliyoleta wahandisi, madaraja juu ya vijito, vyoo, matuta. Fedha zilitoka kwenye mfuko wa jimbo unaochangiwa na wenye magari ya porini wenyewe kupitia ada na kodi ya mafuta. Kikundi cha kujitolea kilikuwa kimekwisha anza tangu 2001, kwa hiyo kaunti haikwenda mezani mikono mitupu. Ilikuwa na watu wa kuonyesha.

Walilipa pia. Kuna mahali panaitwa Little Sluice, mfereji wa mawe makubwa uliokuwa ukivunja magari na kuleta watazamaji. Baada ya amri, kaunti iliyavunja mawe yale ili gari la kawaida la njia hiyo lipite bila kuchepuka. Mwenyeji wangu anaelewa sababu na bado hajasamehe. Alisimulia kwa sauti ninayoijua, sauti ya wazee wetu wakieleza mti wa tambiko uliokatwa kupisha nguzo za umeme.

Julai tukaivuka. Gari lake ni Jeep CJ-5 ya zamani, halina milango, viti vimeshonwa upya kwa turubai. Pale Loon Lake alishuka akatoa upepo kwenye tairi mpaka zikabonyea kama hazifai. Tairi laini inaukumbatia mwamba, alisema. Kila gari lina vifaa vya kunyonya mafuta yakimwagika, na kila mtu ana mifuko maalumu ya haja kubwa, ambayo unaifunga na kurudi nayo mjini. Nilivitazama vitu hivyo viwili kwa heshima tofauti.

Mwendo wenyewe ni aibu kwa anayesema anapenda magari. Watoto walitupita kwa miguu, wakatungoja kivulini, wakatucheka, wakatupita tena. Mbele ya kila gari anatembea mtu kinyumenyume, mikono juu, akimwongoza dereva: kulia kidogo, simama, sasa ngoja, shusha. Utingo wa malori ya Tunduma angepata ajira siku hiyo hiyo. Dereva haoni kilicho chini ya boneti, anaona mikono tu, na wanaume wenye sauti kubwa huko mjini walikuwa wakimtii msichana wa miaka kumi na sita bila neno, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele na ndiye aliyeona.

Kusini mwa njia kuna Desolation Wilderness, msitu uliotengwa mwaka 1969, ambako injini ya aina yoyote ni marufuku. Ukisimama juu ya tale karibu na Buck Island Lake unaona pande zote mbili kwa mpigo: huku sisi na moshi wetu, kule vilele vyenye theluji visivyo na gari hata moja. Kijana wa michoro alinionyesha na kuniambia, "Tukiharibu huku, watataka mstari ule usogee mpaka hapa." Hakukuwa na chuki katika kauli yake. Alikuwa anaeleza mahesabu.

Usiku tulilala kwenye chemchemi za Rubicon, ardhi ya watu binafsi siku hizi, mahali pa hoteli ya Vade. Walichoma nyama kwenye wavu, wakapika maharage yenye sukari, jambo ambalo sitalitetea. Mke wa mpwa wangu alikuwa amenifungia mandazi ya iliki kwa ajili ya kifungua kinywa. Hayakuiona asubuhi. Wakaanza mjadala wa jinsi ya kuyakaanga kwenye jiko la gesi la kambini, na mpwa wangu, ambaye tangu aondoke nyumbani hajakanda unga, akajibu kila swali kama bingwa.

Asubuhi tukapanda Cadillac Hill. Wanasimulia kwamba jina lilitokana na gari la Cadillac lililoishia kwenye mteremko huo zamani. Njia ni nyembamba, mizizi na mawe, korongo upande mmoja, na gari likikwama wote nyuma wamekwama. Moja lilikwama. Winchi ikafungwa kwenye mti, lakini kwanza wakauzungushia ule mti mkanda mpana ili waya usikate gome. Hakuna aliyeagiza. Ilifanyika wakati mzee mmoja akiendelea kusimulia habari ya magoti yake. Juu kabisa, pale wanapopaita Observation Point, tukala machungwa, kisha tukaanza kuteremka kwa vumbi hadi Tahoma, ambako mama wa greda alikuwa barabarani na kofia ngumu akiziba mashimo ya lami yaliyoachwa na baridi. Akatupungia koleo.

"Sasa umeiona yenyewe," mwenyeji wangu akaniambia tukijaza upepo kwenye tairi kituo cha mafuta. Kisha akarudi kwenye jambo lililokuwa likimkera tangu ile Jumamosi ya kazi. Magari yanayopita njia ile kwa mwaka ni maelfu, alisema, na wanaokuja na koleo ni wale wale, na kila mwaka magoti yao yanazeeka. Ule utaratibu wenu, asiyekuja mnamfanyaje?

Nikamweleza. Asiyetokea kwenye msaragambo bila udhuru, jioni mgambo anapita kwake. Anatozwa faini. Hana faini, linachukuliwa jembe lake, au kuku, mpaka alipe.

Alifikiri kidogo, mpira wa upepo mkononi.

"Hapa wangetushtaki," akasema. "Lakini kuku wangapi?"